Kijana Mgonjwa Asifunzwe Kusema Uongo

Msomaji wetu wa Unguja na Pemba huenda akashangaa kuiona safu hii leo ikipanda mlima. Mhezi ni kata katika Wilaya ya Same, Mkoa wa Kilimanjaro, ndani ya Milima ya Upare. Huko hakuna bahari wala mikarafuu, na wako wananchi wake ambao hawajapata kupanda mashua maishani mwao. Lakini jina hilo tumelichagua kwa makusudi. Mlima nao ni kisiwa. Mvua za masika zinapoikata barabara ya udongo, mgonjwa wa mlimani husubiri kama mgonjwa wa Kojani anavyosubiri upepo utulie. Novemba 2009 ardhi iliporomoka katika kijiji cha Goha, wilaya hiyohiyo ya Same, ikafukia nyumba na kuua watu. Na kwa miaka mingi wananchi wa Uzi waliendesha maisha yao kwa kuyaangalia maji, kwa kuwa maji yakijaa njia ilifungwa. Kwa hiyo tutakayoyasema juu ya kijana wa Mhezi tunayasema pia juu ya kijana wa Uzi, wa Tumbatu na wa Kojani. Na tunayasema mbele ya viongozi wa pande zote mbili za Muungano waliokabidhiwa afya ya vijana hao.

Tunataka kuzungumzia jambo ambalo haliingii katika hotuba za ufunguzi wa majengo, nalo ni uhusiano wa kijana mwenye maradhi ya kudumu na daktari wake. Kipindupindu kinapoingia, kila mtu anajua la kufanya, na ugonjwa ukishindwa kazi huwa imekwisha. Lakini kisukari, selimundu, kifafa, pumu na virusi vya UKIMWI haviishi kwa kampeni ya mwezi mmoja. Mwenye maradhi hayo na mganga wake wamefungwa katika safari ya miaka 40 au 50, na safari ndefu haiendi bila kuaminiana. Ili hoja yetu isitawanyike, tumechukua maradhi mamoja tu, kisukari cha aina ya kwanza, kwa kuwa kosa lolote katika uhusiano huo huonekana humo haraka, na gharama yake ni roho ya mtu.

Kisukari hiki sicho kile cha wazee wenye unene. Kwa kawaida huanza utotoni au ujanani. Kinga ya mwili hugeuka na kuziangamiza chembe za kongosho zinazotengeneza insulini, na bila ya insulini sukari hubaki katika damu huku mwili ukifa njaa. Hakiletwi na kula sukari nyingi, hakiambukizi, wala si adhabu ya mzazi. Zamani mtoto aliyekipata alikuwa maiti inayotembea. Mnamo Januari 1922, huko Toronto nchini Kanada, kijana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson alikuwa mtu wa kwanza kutibiwa kwa insulini. Akaishi miaka 13 zaidi. Walioshika haki ya ugunduzi huo waliiuza kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja kwa kila mtu, ili dawa isiwe mtaji wa wachache. Tangu siku hiyo, kufa kwa kukosa insulini si amri ya maumbile tena. Ni matokeo ya mipango ya wanadamu, au ya kukosekana kwake.

Sasa tumfikirie kijana wa Mhezi. Si mtu mmoja tunayemfahamu. Ni mfano tu, lakini ye yote aliyewahi kukaa katika benchi la kliniki atamtambua. Aligundulika akiwa na miaka tisa, baada ya kukojoa mno, kukonda, na hatimaye kuzirai. Tangu hapo mama yake amekuwa nesi wake, mlinzi wake na msemaji wake. Mama hushuka naye mlima hadi Same mjini, au huendelea naye hadi Hospitali ya KCMC mjini Moshi, kiasi cha kilometa 100 mbele. Daktari humwuliza mama: "Amekula nini? Anachoma sindano ipasavyo?" Mama hujibu. Mtoto huangalia dari.

Miaka tisa inapita. Mtoto sasa ana miaka 18, ana ndevu, anajua kupiga kura, na kama vita vingetokea angepelekwa kuilinda nchi. Lakini akiingia kwa daktari, swali bado linakwenda kwa mama. Kisha siku moja, bila ya maandalizi yo yote, anaambiwa kwamba yeye sasa ni mtu mzima. Faili lake linahamishiwa kliniki nyingine, siku nyingine, kwa daktari mwingine asiyemjua, katika foleni ya wazee wa umri wa babu yake. Jana hakuruhusiwa kujibu swali moja juu ya mwili wake. Leo anatakiwa ajibu yote. Hatujui jeshi linalompandisha kuruta cheo kwa namna hiyo, wala nahodha anayempa mwanafunzi usukani katikati ya mkondo.

Kijana huyu amepewa daftari. Humo anatakiwa aandike kiwango cha sukari yake asubuhi, mchana, jioni na kabla ya kulala. Tunawaomba wasomaji walitazame daftari hilo kwa makini, maana ndani yake umo ugonjwa wenyewe wa mambo tunayoyazungumza. Siku moja kabla ya kliniki, kijana hukaa chini na kulijaza daftari zima kwa kalamu moja. Saba, nane, sita, saba. Namba ni nzuri na mwandiko ni safi. Hakuna namba moja iliyo ya kweli.

Kesho yake daktari anatazama daftari, kisha anatazama majibu ya maabara. Kipo kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu iliyopita, na kipimo hicho hakidanganyiki kwa wino. Damu inatoa ushahidi dhidi ya daftari. Hapo daktari hukasirika. Humkemea kijana mbele ya mama, na pengine mbele ya wagonjwa wengine, kwa kuwa chumba kimoja hutumiwa na madaktari wawili. "Unataka kufa? Unataka ukatwe mguu? Unatupotezea muda!" Kijana husema, "Nisamehe, daktari." Lakini moyoni mwake ameamua moja kati ya mambo mawili: safari ijayo adanganye kwa ustadi zaidi, au asije kabisa.

Tujiulize: ni nani aliyeanzisha uongo huu? Jibu jepesi ni kumlaumu kijana. Sisi hatulikubali. Kijana ameagizwa apime mara nne kwa siku, hali vitepe vya kupimia alivyopewa havimtoshi hata mara moja kwa siku, na vya dukani vinauzwa kwa fedha ambayo mama yake angenunulia unga wa juma zima. Ameagizwa ale kwa saa maalumu vyakula vya mchanganyiko, hali yuko shule ya bweni na chakula ni ugali na maharage, kinakuja kinapokuja. Ameagizwa aweke dawa katika jokofu, hali nyumbani kwao hakuna jokofu. Hakuulizwa hata swali moja: "Katika haya, lipi unaliweza?" Ameona kwamba daktari hataki habari, anataka namba. Basi amempa namba.

Agizo lisilotekelezeka huzaa taarifa ya uongo. Hilo ni fundisho ambalo sisi wana-Chama tusingestahili kufundishwa na mtu mwingine. Katika historia yetu tuliwahi kuyapangia mashamba ya vijiji malengo ya ekari yaliyotungwa ofisini, na taarifa zikarudi ofisini zikiwa zimetimia kuliko mashamba yenyewe. Bwana shamba alimwogopa mkuu wake, katibu wa kijiji alimwogopa bwana shamba, na mkulima akaonekana mjanja. Ghala lilipofunguliwa, ukweli ulijulikana. Kijana mwenye kisukari naye ana ghala lake, na ghala hilo ni mwili wake. Siku ya kufunguliwa kwake ni siku anapoletwa hospitali akiwa hajitambui, anahema kwa nguvu, damu yake imejaa asidi kwa kukosa insulini. Hali hiyo huua kwa muda wa siku chache tu.

Wala hatuzungumzi nadharia. Utafiti uliowafuatilia wagonjwa 1,250 wa kisukari katika Hospitali ya Muhimbili kati ya mwaka 1981 na 1987, na kuchapishwa katika jarida la madaktari la Uingereza mwaka 1990, ulionyesha kwamba wale waliotegemea insulini walifariki kwa wingi zaidi kuliko wenzao wasioitegemea. Mwaka 2016 ukachapishwa utafiti mwingine wa Dar es Salaam juu ya watoto na vijana. Ukaonyesha kwamba walio wengi sana walikuwa na sukari iliyozidi mno kiwango kinachoshauriwa. Na hiyo ni Dar es Salaam, penye mabingwa na maduka ya dawa. Tusidhani kwamba Mhezi au Kojani kuna nafuu.

Yako pia mambo ya kitaalamu ambayo kijana ana haki ya kuelezwa na mara nyingi haelezwi. Wakati wa kubalehe mwili huhitaji insulini zaidi, kwa sababu homoni za ukuaji huipunguzia nguvu. Kwa hiyo kijana anaweza kuchoma dozi ileile aliyoandikiwa, kula kama alivyoambiwa, na sukari ikapanda tu. Akikemewa kwa jambo hilo atajiona hana faida ya kutii. Aidha, chupa ya insulini iliyokwisha kufunguliwa si lazima ikae katika jokofu. Hudumu kwa kiasi cha majuma manne mahali pasipo na joto kali. Chungu cha udongo kilicholowanishwa na kuwekwa kivulini hupooza dawa vizuri, na hakuna nyumba ya Mhezi wala ya Pemba isiyojua chungu. Daktari anayelijua hilo na kulisema amempa kijana agizo linalowezekana. Anayesema "jokofu" na kunyamaza amempa kijana sababu nyingine ya kudanganya.

Liko na jambo la siri. Mjini mgonjwa anaweza kupotea katika umati. Mlimani na kisiwani hakuna umati. Mganga wa zahanati ni mjomba wa rafiki. Mwuguzi ni jirani. Mfagizi wa kituo ni shangazi. Neno likitoka kliniki asubuhi, jioni liko kisimani. Kijana anayetaka kumwambia daktari kwamba ameanza kunywa pombe, au kwamba ana mchumba, au kwamba amechoka na sindano na anatamani kuacha, hupima kwanza ukuta una masikio mangapi. Siri ya mgonjwa ni amana. Tulifundishwa chuoni tukiwa wadogo kwamba amana haitumiwi wala haichezewi, hurudishwa kwa mwenyewe kama ilivyopokewa. Mtumishi wa afya anayeichukua siri ya kijana na kumpelekea baba yake, hata kwa nia njema, amevunja amana, na kijana hatampa nyingine.

Kwa wasomaji wetu wa visiwani mfano ulio karibu zaidi ni mwezi wa Ramadhani. Dini imempa mgonjwa ruhusa bayana ya kutofunga. Lakini kijana wa miaka 19 hataki kuonekana akila mchana, wenzake wanamwuliza, "Umefunga?" naye hataki kueleza habari za kongosho barazani. Basi hufunga kwa siri ya daktari, na baadhi yao huacha sindano kabisa kwa kudhani kwamba asiyekula hahitaji dawa. Sukari hushuka mchana mpaka akatetemeka na kuanguka, au hupanda usiku baada ya futari. Daktari anayesema tu "usifunge" na kufunga faili hajamsaidia. Daktari anayemwuliza mapema, mwezi wa Shaabani, "Mwaka huu umekusudia nini?" ataambiwa ukweli, na ataweza kumweleza hatari, kumpangia dozi, na kumwonyesha dalili ambazo zikitokea ni lazima afungue mara moja. Masheikh wetu nao wanaweza kusaidia sana wakisema juu ya mimbari kwamba kijana anayekula kwa amri ya mganga hakuvunja heshima ya mwezi. Hali ni hiyohiyo kwa Mwislamu wa Upare, na kwa Mkristo anayefunga ili aombewe huku ameiweka insulini kando.

Kwa binti mzigo ni mara mbili. Posa ikija, wazee huona heri ugonjwa usitajwe. Binti huingia katika nyumba ya wakwe akiwa na chupa yake imefichwa katika nguo, anachoma sindano chooni, na siku ya kliniki anasema anakwenda kuwaamkia wazazi. Akipata mimba, hatari kwake na kwa mtoto ni kubwa iwapo sukari haikutengenezwa kabla ya mimba yenyewe kuingia. Lakini ataongeaje na daktari habari za mimba asiyokuwa nayo bado, kama kila mara anaingia na mama au mama mkwe, na kama swali la kwanza analoulizwa ni "kwa nini sukari iko juu?" Tunasema wazi: uhai wa mama na mtoto huanza kulindwa katika mazungumzo ya faragha ya binti na mtabibu wake, kabla ya kitanda cha kujifungulia.

Tusiwe, hata hivyo, watu wa kuwarushia mawe madaktari. Tunawajua. Mganga wa wilaya za pembezoni huona wagonjwa wengi kwa siku kuliko wanavyoweza kuhesabika katika daftari lake, analala usiku akisubiri kuitwa, na nyumba anayokaa pengine inavuja. Mara nyingi huyo aitwaye "daktari" na wananchi ni tabibu au mwuguzi aliyesoma magonjwa yote kidogo na kisukari cha vijana kidogo zaidi. Anaandika insulini asiyokuwa nayo, kisha yeye ndiye anayetazamwa usoni mgonjwa akirudi mikono mitupu. Mtumishi anayelazimika kusema kila mwezi "dawa hakuna" hugeuka kuwa mkali, kwa sababu ukali ni ngao. Kwa hiyo anayekemewa na anayekemea wote ni watu walioachwa peke yao.

Lakini kuelewa si kuhalalisha. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulilaani kiburi na dharau ya viongozi kwa wanaoongozwa. Na TANU na Afro-Shirazi vilipoungana tarehe 5 Februari 1977 vikazaa Chama ambacho hakikuliacha fundisho hilo Bara wala Visiwani. Koti jeupe nalo ni cheo, na cheo ni dhamana. Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978, ambalo mataifa yalikubaliana juu ya afya ya msingi, lilisema kwamba watu wana haki na wajibu wa kushiriki katika kuipanga na kuitekeleza huduma yao ya afya. Kushiriki hakuanzi katika mkutano wa hadhara. Kunaanza pale kijana anapoulizwa yeye mwenyewe habari za mwili wake, na jibu lake likasikilizwa mpaka mwisho.

Tena njia tunaijua, kwa kuwa tumekwisha kuipita. Mwaka 2004 nchi yetu ilipoanza kutoa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI kwa mpango wa taifa, zilianzishwa kliniki zenye kadi maalumu, rejista ya kila mgonjwa, na utaratibu wa kumtafuta aliyekosa tarehe yake. Baadaye vikaja vikundi vya vijana, ambamo kijana aliyezoea dawa humshika mkono mwenzake aliyeanza. Wenye hali nzuri hupewa dawa za miezi kadhaa kwa pamoja ili wasipande na kushuka mlima bure. Yote hayo yalifanywa na watumishi walewale, katika majengo yaleyale. Kwa nini kijana wa kisukari au wa selimundu, akikosa kliniki, mara nyingi asitafutwe na mtu? Sababu ni kwamba UKIMWI ulitutisha sote na fedha za wafadhili zikaja, lakini kisukari cha kijana huua nyumba moja moja bila kelele.

Liko na suala la gharama, ambalo nalo huingia katika chumba cha daktari hata kama halikualikwa. Visiwani, matibabu ya bure yalikuwa ahadi ya Mapinduzi ya mwaka 1964, na mwananchi ameishika ahadi hiyo. Bara, uchangiaji wa gharama ulipoanza mwaka 1993, ulifuatana na msamaha kwa makundi maalumu, yakiwamo ya wenye maradhi sugu kadhaa. Lakini msamaha wa karatasi hauna faida katika duka la dawa la mtu binafsi, na huko ndiko mgonjwa anakoelekezwa bohari ya hospitali ikiwa tupu. Tena mipango mingi huishia kwenye umri wa mtoto. Toto Afya Kadi, kwa mfano, iliwahusu walio chini ya miaka 18. Kongosho halijui siku ya kuzaliwa. Mwaka 2023 Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, na mwaka huohuo Zanzibar ikatunga sheria ya Mfuko wa Huduma za Afya. Sisi tutazipima sheria hizo kwa kipimo kimoja: je, kijana wa miaka 20, asiye na ajira, anayeuza tangawizi Same au anayekwenda dago na wavuvi, atapata insulini yake na vitepe vyake bila ya kubembeleza?

Kwa hiyo tunapendekeza kwa wakubwa wa wizara zote mbili za afya, kwa waganga wakuu wa wilaya, na kwa halmashauri, mambo yafuatayo.

Kwanza, kila hospitali ya wilaya, zikiwamo mpya zilizojengwa Unguja na Pemba, iteue siku moja katika mwezi kwa ajili ya vijana wenye maradhi ya kudumu, na iteue mtumishi mmoja atakayewaona siku hiyo kila mara. Hili halihitaji jengo wala msaada wa nje. Linahitaji barua moja ya mganga mkuu.

Pili, kuanzia umri wa miaka 12 au 13 mtabibu aanze kumwuliza mtoto kwanza na mzazi baadaye, na katika kila kliniki ziwepo dakika chache ambazo mzazi anasubiri nje. Mama asitolewe ghafla. Apumzishwe polepole, kama anavyoachishwa ziwa mtoto. Kabla ya faili kuhama, mtabibu mpya na wa zamani wamwone kijana pamoja japo mara moja.

Tatu, asipewe kijana agizo lo lote kabla ya kuulizwa kama analiweza. Akisema anaweza kupima mara moja tu kwa siku, apangiwe kupima mara moja kwa siku kwa saa zinazobadilika, na aambiwe kwamba namba mbaya iliyo ya kweli ni bora kuliko namba nzuri ya kutunga. Asikemewe kamwe kwa namba. Akikemewa kwa ukweli, hatausema tena.

Nne, Bohari ya Dawa Bara na mwenzake wa Zanzibar wapeleke insulini na vitepe pembezoni kabla ya masika na kabla ya kusi, kama mwenye nyumba mwangalifu anavyoezeka kabla ya mvua. Mahali barabara au bahari hufunga, kijana apewe akiba ya miezi miwili au mitatu.

Tano, watendaji wa vijiji na masheha wasiwe wakusanyaji wa siri za wagonjwa. Wawe watu wa kuhakikisha gari au boti ya dharura inapatikana usiku.

Na vijana nao tunawaambia, kwa kuwa haki na wajibu ni pacha. Daktari si Mungu wala si polisi. Hawezi kuitengeneza sukari asiyoijua. Ukimwambia uongo, unamfanya aandike dozi ya mtu ambaye hayupo, na dozi hiyo utachomwa wewe. Kama umeacha sindano siku tatu, sema siku tatu. Kama umekwenda kwa mganga wa kienyeji, sema. Kama umechoka, sema umechoka, maana kuchoka kwa miaka tisa ya sindano si dhambi. Wala usiache insulini kwa kuambiwa na mtu ye yote kwamba umepona.

Wapare wana desturi mbili zinazotufaa kwa kumalizia. Moja ni ndiva, bwawa dogo la kukusanyia maji usiku ili mchana yafunguliwe na kugawanywa mashambani kwa zamu. Ya pili ni msaragambo, kazi ya pamoja, ambayo kwayo ndiva na mifereji yake husafishwa. Ndiva haijengwi mara moja ikaachwa. Huzolewa tope mwaka hadi mwaka, na anayejua mahali inapovuja ni yule anayelima chini yake. Mkulima huyo akiogopa kusema kwamba inavuja, bwawa litaonekana limejaa katika taarifa mpaka siku mimea itakapokauka. Kijana mwenye maradhi ya kudumu ndiye anayejua mahali panapovuja. Viongozi wetu, na madaktari wetu, wamwulize sasa, na wakiisha kumwuliza wanyamaze wamsikilize.